Kisanduku cha Fyuzi cha Zamani: Kisitupwe Ovyo, Wala Kisitumiwe Ovyo

Wahenga walituusia tusitupe mbachao kwa msala upitao. Mafundi umeme wetu huufuata wosia huo kila wanapobadilisha waya katika nyumba za zamani. Meni swichi mpya hutundikwa ukutani pamoja na breka zake. Kile kisanduku cha chuma kilichokuwapo huvuliwa fyuzi, kikabaki kuwa mahali pa kuungia waya za kale na waya mpya. Leo twapenda kuizungumza desturi hii, kwa kuwa ndani yake mna busara na mna hatari pia, na kinachozitenga ni uangalifu wa fundi.

Katika Buganguzi na kata nyingine za Muleba, kama ilivyo Bukoba, haja ya kazi hii inaongezeka. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze shughuli zake mwaka 2007, nguzo za umeme zimeingia hadi kwenye vibanja vya migomba na mibuni. Nyumba iliyoanza na taa mbili na redio sasa ina pasi, jokofu na pampu ya maji. Tena lipo lile tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba, 2016, lililokuwa na ukubwa wa 5.9, ambalo lilipasua kuta nyingi mkoani Kagera. Palipozibwa nyufa kwa saruji, waya zilizokuwa ndani ya ukuta hazikukaguliwa kila mahali.

Fundi anapohamisha meni swichi hukutana na tatizo moja la siku zote: waya zilizotoka darini na ukutani zilikatwa kwa kipimo cha kisanduku cha zamani, wala hazifiki kwenye kipya. Kuzing'oa zote ni kubomoa lipu ya nyumba nzima. Hivyo kukifanya kisanduku cha kale kuwa nyumba ya maungio ni jambo la akili, linalookoa fedha na ukuta. Si wizi wa kazi, ilimradi masharti yake yatimizwe.

Sharti la kwanza ni uzima wa chuma chenyewe. Kisanduku kilicholiwa na kutu au kilichoungua kisisalie ukutani. Vitako vya fyuzi vitolewe vyote, matundu yasiyotumika yazibwe, na mfuniko uwe mzima usiofunguka bila bisibisi. Kisanduku kiungwe na waya wa ardhi, maana waya mmoja ukichubuka ndani yake, chuma chote hugeuka mtego kwa mtoto atakayekigusa.

Sharti la pili ni uimara wa maungio. Kusokota waya mbili na kuzizungushia utepe si kuunga. Viungio vya skrubu au vya kubana ndivyo vinavyofaa. Sababu yake ni rahisi kueleza. Birika la wati 2,000 huvuta karibu ampea 9. Kiungo kilicholegea kikiwa na ukinzani wa nusu omu tu, hapo patatokea joto la karibu wati 40, sawa na balbu ya zamani iliyofungiwa gizani ndani ya sanduku. Breka haitakata, kwa kuwa mkondo upitao haujazidi kiasi chake. Moto utaanza kimya kimya, na familia imelala.

Sharti la tatu ni hali ya waya za kale. Zile zilizovikwa mpira, ambazo hupukutika zikikunjwa, haziungwi, hubadilishwa. Zilizosalia zipimwe kwa mega ya volti 500, na kipimo kisipungue megaomu moja. Kadhalika ukubwa wa breka ufuate waya ulio mwembamba kuliko zote katika njia hiyo. Kuunga waya mnene na mwembamba, kisha kuweka breka ya ule mnene, ni kujidanganya.

La nne, ambalo huwaponyoka hata mafundi hodari, ni rangi. Katika utaratibu wa zamani tulioupokea kutoka kwa Waingereza, nyeusi ilikuwa nyutro, na buluu ilikuwa moja ya fezi tatu. Katika utaratibu mpya, buluu ndiyo nyutro na nyeusi yaweza kuwa fezi. Ndani ya kisanduku cha maungio ndimo enzi hizi mbili zinamokutana. Anayeunga buluu na buluu kwa kuamini macho yake aweza kuleta msiba. Kila waya upimwe kwanza, kisha uwekewe alama.

Ndugu zetu wa visiwani, kuanzia Bumbire na Ikuza hadi Goziba, wana mambo yao ya kuzingatia. Unyevu wa ziwa hukifikia chuma upesi, na fundi wa kurekebisha kosa huenda akasubiriwa hadi mtumbwi uvuke. Tena nyumba nyingine zina jenereta au umeme wa jua. Mkondo mnyoofu wa betri usiunganishwe katika kisanduku kimoja na mkondo geu wa jenereta. Breka ya kale iliyotengenezwa kwa mkondo geu isitegemewe kuukata mkondo mnyoofu, maana cheche zake hazizimiki kwa wepesi.

Kwa maofisa wa Serikali tunayo rai. Shule, zahanati na ofisi za vijiji ni mali ya umma, na waya zake hubadilishwa kwa fedha ya umma. Orodha ya kazi itaje waziwazi kama kisanduku cha zamani kitaondolewa au kitabaki kuwa cha maungio. Kazi ipewe fundi mwenye leseni ya EWURA, na kabla ya malipo mkaguzi akifungue kisanduku hicho kwa mkono wake, umeme ukiwa umezimwa. Juu ya mfuniko paandikwe kwa rangi isiyofutika: MAUNGIO TU, na mahali ilipo swichi kuu. Kisanduku hicho kisifichwe nyuma ya kabati wala kupigwa lipu. Nao wananchi wakumbuke kwamba waya unaoingia kwenye mita pamoja na lakiri zake ni mali ya shirika la umeme. Huko fundi wa mtaani hana ruhusa ya kugusa.

Kujitegemea ni pamoja na kutumia tena kilicho kizima. Lakini chuma cha kale kilichookoa shilingi chache, kisha kikaunguza paa, kimekuwa ghali kuliko kipya. Basi kabla ya kufunga mfuniko, fundi na mwenye nyumba watazame ndani pamoja kwa mara ya mwisho.