Nyumba Imezaa Vyumba, Nyaya ni Zile Zile

Nyumba zetu nyingi za Msambweni na Diani zilianza na vyumba viwili na ukumbi. Mwana akaoa, kikaongezwa chumba. Dada akarejea na wanawe, ua ukaezekwa mabati. Kila mara waya ulivutwa kutoka taa ya chumba cha jirani. Leo waya huohuo wabeba friji, pasi na birika la umeme.

Birika la wati 2,000 hutumia zaidi ya ampea 8, na fyuzi ya taa huwa ya ampea 5. Ikikatika, sisi wanaume (na tukiri) hutia uzi mnene wa shaba ili isisumbue tena. Tangu hapo kinachoungua ni waya, ndani ya ukuta, watoto wamelala.

Mtume (s.a.w.) alitukataza kulala na moto ukiwaka nyumbani, akauita adui yetu. Waya uliochemka ni moto usioonekana.

Kabla ya rangi ya harusi, basi, aitwe fundi mwenye leseni ya EPRA. Soketi zipate nyaya zake nene, na waya wa ardhini ukaguliwe, kwani chumvi ya bahari hula viungio. Gharama wachangie wote walalao humo, si mama mjane peke yake. Na soketi ikinuka au kugeuka rangi, mama, zima swichi kuu usiku huohuo.