Malaika: wimbo wa Mdawida uliozunguka dunia

Je, wajua kwamba mwaka 1967 bendi ya vijana wa Sweden, The Hep Stars, ilirekodi wimbo wa mapenzi uliotoka Kenya? Mpiga kinanda wa bendi hiyo alikuwa Benny Andersson, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wale wanne wa ABBA. Wimbo wenyewe ni Malaika, na sauti iliyotangulia kuuimba kwenye santuri ni ya mwana wa Taita: Fadhili William Mdawida, aliyezaliwa Novemba 11, 1938.

Uliza stendi ya Mwatate, huku Taita, wimbo huu ni wa nani, hutakosa atakayekujibu kwamba ni wa mwimbaji Miriam Makeba. Mwingine atasema ni wa bendi ya Boney M. Mzee aliyekaa pembeni akisubiri gari la Wundanyi ndiye atakayewakosoa wote wawili, tena kwa hasira kidogo, kwa sababu kwake Fadhili ni mtu wa nyumbani.

Turudi mapema miaka ya 1960, Nairobi. Charles Worrod alikuwa na kampuni ya kurekodi, Equator, na bendi yake ya studio ilikuwa na vijana wakali: Fadhili mwenyewe, Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Mji ulikuwa umeshikwa na dansi ya twist. Magitaa yalikimbia na watu walitaka kuruka. Katikati ya mbio hizo Malaika ulikuja taratibu, wimbo wa mtu aliyekaa chini kuwaza.

Na anachowaza ni pesa. Waimbaji wa hoteli huuimba wakitabasamu, watalii nao wakishikana mikono, lakini huyu kijana anayeimba amekwama: anampenda msichana, anataka kumuoa, na mfukoni hana kitu. Sijui wimbo mwingine wa harusi ambao bwana harusi wake hajafika hata kwenye harusi.

Kwa watu wa huku shida hiyo ilikuwa na historia yake. Mahari ya Wadawida, yaani Wataita, ilikuwa mifugo, na kijana hakuitafuta peke yake. Baba na ndugu walihusika, zizi likakaguliwa, maneno yakazungumzwa. Kisha ukaja mshahara. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walijenga reli kutoka Voi kuelekea Taveta, ikapita hapa Mwatate, ili kuwafikishia askari wao vifaa vya kupigana na Wajerumani wa Tanganyika. Vita viliisha, reli ikabaki. Mkonge nao ukaenea tambarare ya Mwatate, ukataka vibarua. Vijana wa milimani wakashuka kutafuta kazi, wengine shambani, wengine Mombasa na Nairobi. Sasa mahari ikawa na sura mbili, ya ng'ombe na ya noti, na yule aliyeko mjini akawa anahesabu noti peke yake usiku. Malaika ni wimbo wa huyo. Anayeusikia kama wimbo wa maua na mwezi amesikia nusu yake.

Habari za siku zile ziliubeba pia. Mwaka 1962, Kenya ikiwa mlangoni pa uhuru, Miriam Makeba alifika nchini kuunga mkono harakati za uhuru huo na kuchangisha fedha. Mwaka 1965 yeye na mwimbaji mwenzake Harry Belafonte walitoa albamu ya pamoja yenye Malaika ndani yake, na mwaka uliofuata albamu hiyo ikashinda tuzo ya Grammy. Baada ya hapo mlango haukufungwa tena: Sweden, India kwa sauti ya Usha Uthup, Boney M mwaka 1981, Angélique Kidjo wa Benin mwaka 1991.

Kwa nini huu, na si mwingine katika mamia ya nyimbo za wakati ule? Sababu moja imo mdomoni. Mwimbaji hawezi kuivuta herufi kama t au k. Anachovuta ni irabu. Kiswahili humaliza karibu kila silabi kwa irabu, hivyo kila silabi ina mahali pa kupumzikia sauti. Tamka jina la wimbo polepole usikie: irabu nne, tatu kati yake ni a, sauti inayofungua kinywa kuliko zote. Mgeni asiyejua neno hata moja la lugha yetu anaweza kuushika wimbo huu jioni moja.

Ya pili imo kwenye gitaa. Wimbo mzima unaweza kubebwa na mikao mitatu ya vidole, ile ile anayofundishwa mwanafunzi katika majuma ya kwanza. Ndiyo maana umekuwa somo la kwanza la wapiga gitaa wengi wa Afrika Mashariki, nao wakizeeka bado wanaupiga.

Ya tatu ni santuri. Sahani ndogo ya inchi saba, inayozunguka mara 45 kwa dakika, ina mfereji mmoja mrefu uliojipinda kutoka ukingoni kwenda katikati. Sauti ikiwa kubwa, mfereji huyumba zaidi na kula nafasi. Kwa hiyo kila upande ulibeba dakika tatu au nne hivi, basi. Mtunzi wa enzi ile hakuwa na nafasi ya porojo. Ilimbidi aseme shida yake, airudie, atoke.

Wataalamu wa saikolojia nao wamechunguza nyimbo zinazonasa kichwani. Kelly Jakubowski na wenzake, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2016, waliona kwamba nyingi huwa na mwendo wa kasi na tuni inayopanda na kushuka kwa namna ya kawaida. Malaika una hayo ya pili, kasi hauna. Kwa maoni yangu haukunasi bila wewe kutaka. Unaukaribisha mwenyewe, kisha hautoki.

Kila mwaka wimbo huu una msimu wake. Desemba, mvua za vuli zikiwa bado zinanyunyiza Dawida, magari kutoka Mombasa na Nairobi huleta watu nyumbani, harusi zikafuatana, na redio zikaielekea Siku ya Jamhuri kwa nyimbo zilizopendwa. Katika hoteli za kitalii upande wa Bura na Maktau ndio wakati wa wageni, na bendi haiwezi kumaliza chakula cha jioni bila kuupiga.

Ubishi haujaisha. Wapo wanaosema mtunzi ni Adam Salim wa Tanzania, kwamba aliutunga akiwa Nairobi katikati ya miaka ya 1940. Wengine humtaja Lucas Tututu wa Mombasa. Nyimbo za wakati ule zilipita kinywa hadi kinywa kwenye dansi kabla ya kufika studio, na sheria ya hakimiliki iliyotungwa na Kenya huru yenyewe ilikuja mwaka 1966, santuri ikiwa imeshauzwa. Mimi naegemea kwa Fadhili kwa hoja moja tu: sauti ya kwanza tuliyonayo ni yake. Hoja hiyo inathibitisha nani alirekodi, na mahakamani isingetosha kuthibitisha nani alitunga.

Fadhili aliishi Marekani kwa miaka, akarudi, akafariki Nairobi Februari 11, 2001. Mwaka huo huo Kenya ilipitisha Sheria ya Hakimiliki inayotumika hadi leo. Sheria hiyo hulinda rekodi kwa miaka 50 tangu ilipofanywa, hivyo rekodi ya Equator imeshavuka muda wake. Utunzi hulindwa kwa muda wote wa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Ikiwa mtunzi ni Fadhili, basi tuni na maneno ya Malaika yana mwenyewe mpaka Desemba 31, 2051. Anayetaka kuutia kwenye tangazo la biashara au kuurekodi upya kabla ya siku hiyo, aombe ruhusa na alipe.