HASS NI IPI, NA JUMBO NI NINI?

Ndugu mkulima, mwenye shamba katika skimu akija Nairobi kuwaona jamaa zake wa Eastlands, mara nyingi hurudi na miche. Kando ya barabara za mitaa ile utaiona miche ya avokado imepangwa katika mifuko myeusi, na ukiuliza, yote ni Hass. Basi mtu huupeleka mche nyumbani, akaupalilia, akautilia samadi na kuungoja miaka mitatu au minne. Halafu tunda la kwanza linatoka laini, lenye shingo, na mnunuzi aliyetaka Hass analitazama na kwenda zake. Bei ya mche ni kitu kidogo. Miaka ile ndiyo hasara.

Yafaa kuanza sokoni, kwa kuwa tunda husema kweli kuliko mtu anayeliuza. Pita soko la Jericho, au Mutindwa kule Umoja, ushike matunda kwa mkono wako. Hass lina umbo la yai, na ganda lake ni nene lenye vipele vipele. Mtini huwa kijani. Likichumwa na kuiva hugeuka zambarau hata kuwa jeusi. Fuerte lina shingo kama kibuyu kidogo, ganda lake ni jembamba na laini, na hubaki kijani hata likiiva. Ndiyo sababu wanunuzi wa Fuerte hulibonyeza kwanza, na muuzaji hukasirika.

Lakini rangi peke yake isikudanganye. Liko tunda liitwalo Puebla, ambalo likiiva nalo huwa zambarau nyeusi, na wengine huliuza kwa jina la Hass. Pitisha kidole juu yake: ganda la Puebla ni jembamba, laini na linang'aa. Halina vipele.

Na Jumbo je? Hilo ni neno la ukubwa. Katika meza moja nimeonyeshwa Jumbo lenye shingo, na katika meza ya pili Jumbo la mviringo. Kienyeji nalo si jina la aina moja, bali ni tunda la mti wowote uliootea kwa mbegu, na kila mti una tabia yake. Mengine ni matamu sana. Kwa githeri mimi sina ugomvi nayo. Muuzaji akiongeza maneno kama “ya mafuta” au “ya export”, jua kwamba anasifu mali yake tu.

Sasa sikiliza jambo hili, maana ndilo linalomfunga muuza miche mwongo. Hass ni jina la mti mmoja. Bwana Rudolph Hass, aliyekuwa mpeleka barua huko California, Marekani, alipanda mbegu, ukaota mti uliozaa matunda mazuri, naye akausajili mwaka 1935. Mti ule ulikufa mwaka 2002, lakini kila Hass ulimwenguni umetokana na vijiti vya mti ule, vikipandikizwa juu ya mashina mengine, kizazi baada ya kizazi. Fuerte vivyo hivyo: vijiti vyake vilitoka Atlixco, Mexico, mwaka 1911, na baada ya kustahimili baridi kali ya mwaka 1913 ukapewa jina hilo, ambalo kwa Kihispania maana yake ni mwenye nguvu. Kwa hiyo ukipanda kokwa la Hass hutapata Hass. Utapata mti mwingine usiojulikana.

Basi tazama shina la mche. Uliopandikizwa una kovu au kifundo mahali vijiti viwili vilipoungana, na mara nyingi kipande cha nailoni bado kimefungwa pale. Usipoona kovu, usinunue. Ukiliona, bado uliza kijiti kilitoka mti gani, maana mtu aweza kupandikiza kijiti chochote, na majani ya mche mchanga hayatakuambia. Nunua kwenye kitalu kilichokaguliwa na KEPHIS, ambako waweza kuonyeshwa mti mama ukiwa na matunda, na udai risiti iliyoandikwa jina la aina.

Fuerte nayo usiing'oe yote. Ua la Hass hufunguka asubuhi likiwa la kike na la Fuerte alasiri, basi miti michache ya Fuerte kati ya Hass husaidia nyuki kufanya kazi yao.

Na aliyekwisha kudanganywa asitie shoka mpaka mizizini. Mti wenye afya waweza kukatwa juu na kupandikizwa vijiti vya Hass halisi, ukazaa upesi kuliko mche mpya, kwa kuwa mizizi imekwisha kukomaa. Mwite Bwana Shamba akuonyeshe mkato. Shina lililobaki wazi lipakwe chokaa, jua lisije likalichoma.