Hesabu Iliyokilaza Chombo Usingizi

Paneli ya jua iliyo juu ya paa ikipungukiwa nguvu, fundi huchukua ngazi akaipanda. Ile iliyofungwa kwenye chombo cha angani haina fundi wala ngazi. Umeme wake sharti ujulikane kabla chombo hakijaruka, nao hutafutwa kwa kompyuta.

Hesabu yenyewe si nyepesi. Umbali kutoka kwenye jua ukizidi mara mbili, mwanga hubaki robo. Joto hupunguza volti za seli, ilhali baridi huziongeza. Na chembe zitokazo kwenye jua huzichakaza mwaka hadi mwaka. Tena seli huunganishwa kwa safu, mfano wa betri za tochi, hata moja ikipatwa na kivuli, mkondo wa safu nzima huweza kudhoofika. Programu hukusanya yote hayo pamoja na pembe ya paneli kuelekea jua, kisha hulinganisha umeme utakaopatikana na mahitaji ya mitambo.

Mfano ninaoupenda ni Rosetta, chombo cha Shirika la Anga la Ulaya kilichorushwa tarehe 2 Machi 2004 kuifuata nyotamkia. Paneli zake zilikuwa na eneo la meta za mraba 64, na seli zake zilitengenezwa makusudi kwa baridi kali na mwanga hafifu. Hata hivyo hesabu ilionyesha kwamba huko karibu na njia ya Mshtarii, kilomita milioni 800 hivi kutoka kwenye jua, zingebaki wati 400 tu, zisizotosha mitambo yote. Basi Juni 2011 wahandisi wakakilaza, wakabakiza kompyuta na vipasha joto. Kwa miezi 31 hakikutoa sauti. Fikirini subira ya watu wale, tegemeo lao ni tarakimu! Tarehe 20 Januari 2014 ishara yake ikapokelewa.

Mwezi Novemba mwaka huo, chombo kidogo kilichobebwa na Rosetta, Philae, kilitua juu ya nyotamkia, kikadunda, kikaishia kivulini. Paneli zake hazikuwa na ila. Mahali pale hapakuwa ndani ya hesabu. Betri ikaisha baada ya saa 60 hivi, na Philae kikanyamaza hadi Juni 2015, nyotamkia ilipokuwa imelisogelea jua.