Modemu Ndiyo Inayovusha Sauti

Waendesha redio za ridhaa wakianza kuzungumzia sauti ya dijitali, mjadala huishia kwenye sauti yenyewe: inakwaruza au haikwaruzi, ni ya mtu au ya roboti. Hayo ni mambo ya kodeki, programu inayoyabana maneno yakawa biti chache. Modemu haitajwi sana, na kwangu hilo ni kosa. Ndiyo inayozigeuza biti hizo kuwa toni, ikazivusha bahari na milima, na upande wa pili ikazitambua tena katikati ya kelele. Ikishindwa, hata kodeki bora kuliko zote haina cha kusema.

Hilo linaonekana vizuri katika FreeDV, programu huria ya sauti ya dijitali kwenye masafa mafupi, iliyotolewa mwaka 2012. Sehemu kubwa ya uhandisi wake ni kazi ya David Rowe wa Adelaide, Australia. Kabla ya hapo D-STAR, mfumo mwingine wa sauti ya dijitali, ilikuwa tayari ikitegemea AMBE, kodeki ya kampuni ambayo undani wake ulifungwa. Katika fani iliyokuzwa na watu wanaojiundia mitambo, hilo lilikuwa jambo zito. Rowe akaandika Codec 2, ikawekwa wazi kwa yeyote, na modemu zake pia ziko wazi: mtu anaweza kuzifungua, akazipima, akazirekebisha.

Mtihani wenyewe uko angani. Mawimbi ya masafa mafupi hugonga tabaka la ayoni yakarudi ardhini kwa njia zaidi ya moja. Nakala moja hutangulia, nyingine hufuata milisekunde chache baadaye, na zikikutana vibaya hufutana. Kwenye SSB, sauti ya kawaida ya analogi, maneno hufifia kisha yakarudi, na msikilizaji hulikisia neno lililopotea. Modemu lazima ijengewe uvumilivu huo.

Mwaka 2018 FreeDV ilipata modemu ya 700D, inayotumia mbinu ya OFDM. Badala ya toni moja inayokimbia, hutuma toni 17 za mwendo wa polepole kwa pamoja, ndani ya upana wa takriban hezi 1000, kama shehena ya jahazi iliyogawanywa kwenye mashua ndogo ndogo: mbili tatu zikizama, nyingine zinafika. Biti za kusahihisha makosa, zinazolingana kwa idadi na biti za sauti, hurejesha zilizozama. Hivyo hufanya kazi hadi uwiano wa mawimbi kwa kelele wa desibeli -2, yaani kelele ikiwa na nguvu kama mara moja na nusu ya mawimbi yenyewe. Modemu ya zamani zaidi, 1600, ilihitaji desibeli 4.

Lakini -2 hiyo ni ya njia tulivu. Mawimbi yakianza kufifia kwa kasi, 700D huyumba, maana husafirisha mafungu marefu ya milisekunde 160. 700E iliyofuata ilikata fungu hadi milisekunde 80 na kustahimili mwangwi wa milisekunde 6 badala ya 2. Inahitaji desibeli 1, kwa hiyo kwenye karatasi imerudi nyuma kwa desibeli 3. Njia ikichafuka, mara nyingi ndiyo inayobaki imeshika mazungumzo.

Kisha kuna nguvu ya kurushia, na hapa ndipo wengi wanapoipoteza bila kujua. Toni nyingi zikijumlishana hutoa vilele virefu. Kilele kikizidi wastani kwa desibeli 10, redio ya wati 100 inarusha wastani wa wati 10 tu. Programu hupunguza pengo hilo kwa kuvikata vilele kwa kipimo, kisha kuchuja kinachomwagikia masafa ya jirani. Mwendeshaji anayeona sindano ya wati iko chini akaongeza sauti hadi ALC, kidhibiti cha nguvu ndani ya redio, iamke, anaharibu kila toni. Kwenye kioo cha mpokeaji, vijikundi vinne vya nukta vilivyokuwa vimekaa pembeni huanza kutawanyika, na maneno yanakatika. Punguza sauti hadi ALC iguswe kidogo tu, hata kama mita haivutii.

Mwaka 2024 ilijitokeza RADE, mtandao wa nyuroni ambamo kazi ya kodeki na ya modemu hufundishwa pamoja, na kufifia kwa mawimbi kukiwa sehemu ya mafunzo. Nafurahi sana kuona njia ya angani imewekwa ndani ya somo tangu mwanzo.

Sisi wa karibu na ikweta tuna sababu ya ziada ya kulifuatilia hili. Jua likishatua, tabaka la ayoni juu yetu huweza kuvurugika, na mawimbi yakatetema kwa kasi kuliko yanavyotetema huko Adelaide. Kenya imo katika mtandao wa kimataifa wa vituo 18 vya ishara, kwa jina la 5Z4B. Kila kituo hupata zamu yake kila baada ya dakika 3 kwenye megahezi 14.100, kikirusha kwa wati 100, kisha 10, 1 na 0.1. Ukihesabu ni milio mingapi imekufikia, umeshajua njia imefunguka kiasi gani. Panda hadi 14.236, masafa ambako wana-FreeDV huitana, ujaribu 700D na 700E jioni hiyo hiyo, vilele vikiwa sawa na vya SSB yako, uandike ni ipi iliyoshika na ilishika kwa muda gani.