Ruzuku kwa Mnunuzi, Amri kwa Mtengenezaji

Mwaka 2000 jimbo la Arizona, kusini magharibi mwa Marekani, liliamua kuwavuta wakazi wake waachane na petroli. Sheria iliyosukumwa na Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo, Jeff Groscost, ilimrudishia mnunuzi sehemu kubwa ya bei ya gari, ilimradi gari liwe limefungwa mfumo wa gesi asilia au gesi ya mitungi. Sheria haikumtaka mtu aitumie hiyo gesi. Basi watu wakanunua magari makubwa yanayobugia mafuta, wakafungiwa tangi dogo la gesi la lita kumi na kitu, na kesho yake wakarudi kituo cha petroli kama kawaida. Hazina iliyotarajia kutoa dola milioni 10 hivi ikaletewa makadirio ya zaidi ya dola milioni 400. Kabla mwaka haujaisha, bunge la jimbo liliitwa kikao maalumu kuizima sheria hiyo, na Groscost, aliyekuwa akiwania useneta wa jimbo, alikuwa ameshaangushwa kwenye uchaguzi wa Novemba.

Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kushangaa, kwa sababu dereva wa bajaji anayepanga foleni ya gesi hapa kwetu hakupewa zawadi ya kufanya hivyo. Gesi inambakizia fedha kila siku anapoingia barabarani. Kule Arizona faida ilipatikana siku ya kununua gari, ikaishia papo hapo. Nadhani sera zote za majimbo ya Marekani kuhusu magari ya umeme, mseto (petroli na umeme) na nishati mbadala zinaweza kupimwa kwa swali hilo moja: fedha au amri ya serikali imegusa nini hasa? Ununuzi, uendeshaji, au utengenezaji?

Nyingi zimegusa ununuzi, kwa sababu ndilo jambo rahisi na linalopendwa na wapiga kura. Georgia ilitoa nafuu ya kodi ya hadi dola 5,000 kwa gari la umeme, lililonunuliwa au lililokodishwa kwa miaka kadhaa. Ukijumlisha na nafuu ya serikali kuu ya hadi dola 7,500, kulikodi Nissan Leaf mjini Atlanta kulikaribia kuwa bure, na mji huo ukawa miongoni mwa masoko makubwa kabisa ya gari hilo nchini Marekani. Julai 2015 jimbo liliifuta nafuu hiyo na siku hiyohiyo likaanza kutoza ada ya dola 200 kwa mwaka kwa kila gari la umeme. Mauzo yakaporomoka ndani ya miezi michache. Wapo waliosema hilo ni ushahidi kwamba Wamarekani wa kusini hawayataki magari ya umeme. Mimi naona linaonyesha tu kwamba wanajua kupiga hesabu.

California nayo ilitoa fedha, tena nyingi, lakini ubunifu wake ulikuwa kwingine. Los Angeles ilikuwa imefunikwa na ukungu wa moshi uliokuwa ukiwasha macho na kuharibu mazao, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia Arie Haagen-Smit wa chuo cha Caltech alieleza chanzo chake: jua likipiga mvuke wa petroli na gesi zinazotoka kwenye magari na viwanda, huzaliwa hewa yenye sumu. Mwaka 1967 jimbo likaunda Bodi ya Rasilimali za Hewa, Haagen-Smit akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Kwa kuwa California ilikuwa imeanza kudhibiti moshi wa magari kabla ya serikali kuu ya Washington, sheria ya hewa ya nchi iliipa nafasi ya pekee. Inaweza kuomba ruhusa ya kuweka viwango vikali kuliko vya taifa, na tangu 1977 majimbo mengine yanaweza kuviiga viwango hivyo, ila hayawezi kubuni vya kwao.

Mwaka 1990 Bodi hiyo iliitumia nafasi hiyo kwa namna ambayo haikuwa imewahi kujaribiwa. Iliwaambia watengenezaji wakubwa kwamba ifikapo 1998, magari 2 katika kila 100 wanayouza California yasitoe moshi kabisa, na ifikapo 2003 yawe 10. Mnunuzi hakuamriwa chochote. Mzigo wa kutafuta betri, kushusha bei na kumshawishi mteja ulitupwa kwa kampuni.

Kampuni zilipigana. Mwaka 1996 Bodi ililegeza hatua za mwanzo, na baada ya kesi mahakamani ikaiandika upya kanuni yake mwaka 2003. General Motors, iliyokuwa imeleta gari la umeme la EV1 mwaka 1996 kwa kukodisha tu, iliyakusanya magari hayo na mengi ikayaponda licha ya wateja kuyalilia. Ukisoma historia hiyo mpaka mwaka 2003, utasema amri ilishindwa. Lakini kanuni ilikuwa na kipengele ambacho hakikuvuma sana: kampuni isiyofikisha idadi inaweza kununua pointi kutoka kwa kampuni iliyozidisha. Katika robo ya kwanza ya 2013 Tesla, kampuni ya magari ya umeme, ilitangaza faida yake ya kwanza ya robo mwaka, takriban dola milioni 11. Katika kipindi hichohicho ilikuwa imeuza pointi za California za dola milioni 68. Yaani bila fedha za washindani wake, ingekuwa imeandika hasara. Hazina ya jimbo haikutoa hata senti kwa ajili ya pointi hizo.

Hapo ndipo ninapouona uzito wa amri ukilinganisha na zawadi. Zawadi hutoka kwenye bajeti, na kila mwaka wa bajeti kuna mbunge anayeitolea macho. Pointi hutoka mfukoni mwa mtengenezaji aliyechelewa na kuingia mfukoni mwa aliyewahi.

Kuna zawadi isiyohitaji fedha, nayo ilifanya kazi kuliko wengi walivyotegemea. California iliwaruhusu wenye magari mseto kupita peke yao kwenye njia ya barabara kuu iliyotengwa kwa magari yenye abiria zaidi ya mmoja, kwa kubandika stika ya njano. Stika zilikuwa 85,000 tu. Zilipokwisha, Toyota Prius iliyotumika yenye stika iliuzwa ghali kuliko pacha wake asiye nayo. Stika hizo zilikoma katikati ya 2011, zamu ikawa ya magari ya umeme, ambayo nayo yalipoteza ruhusa yake mwishoni mwa Septemba 2025. Njia ya haraka ikijaa magari, haina tena cha kumpa mtu.

Magari ya hidrojeni hayakubahatika. Sheria ya California ya 2013 ilitenga hadi dola milioni 20 kwa mwaka mpaka vituo 100 vya kujazia hidrojeni vijengwe, lakini mapema 2024 Shell ilifunga vituo vyake vya magari madogo California, na wenye magari hayo wakabaki kusaka vituo vichache vilivyosalia.

Amri nayo ina udhaifu wake, na ni mkubwa: inasimama juu ya ruhusa ya Washington. Mwaka 2022 Bodi ilipitisha kwamba magari mapya yote yatakayouzwa jimboni kufikia 2035 yawe ya umeme, ya hidrojeni au mseto wa kuchaji. New York, Massachusetts, Oregon na mengine yakafuata. Virginia ilifuata California, kisha chini ya gavana mwingine ikajitoa. Juni 2025 Bunge la Marekani na Rais Trump waliifuta ruhusa yenyewe kwa kutumia sheria ya kutengua kanuni za serikali, ingawa ofisi ya ukaguzi ya Bunge hilo ilikuwa imesema ruhusa hiyo si kanuni ya namna hiyo. California na majimbo mengine yakaenda mahakamani siku ileile. Nafuu ya serikali kuu ya dola 7,500 ikakoma Septemba 30 mwaka huo.

Hata hivyo, mwaka 2024 robo hivi ya magari mapya yaliyouzwa California yalikuwa ya kuchajiwa au ya hidrojeni. Viwanda vimeshajengwa, mafundi wamefunzwa, na vitu hivyo havifutwi kwa saini.

Kinachoyasumbua majimbo sasa ni barabara. Oregon ilikuwa ya kwanza Marekani kutoza kodi ya petroli, mwaka 1919, na kodi ya namna hiyo ndiyo inayoziba mashimo hata Kenya, ambako tozo ya matengenezo ya barabara ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita mwaka 2024. Gari la umeme haliilipi. Texas hutoza dola 200 kwa mwaka, na 400 kwa usajili wa gari jipya, kiasi ambacho mwenye gari la umeme anayeendesha kidogo hulipa sawa na anayezunguka jimbo zima. Hawaii imechagua njia yenye haki zaidi, japo inahitaji kazi: kuanzia Julai 2025 mwenye gari la umeme anaweza kulipa dola 8 kwa kila maili 1,000, mwisho dola 50 kwa mwaka, kwa kusoma kipimo cha maili wakati wa ukaguzi wa kawaida wa gari. Kuanzia 2028, malipo kwa maili yatakuwa ya lazima kwa magari yote ya umeme.