Mzigo wa Mwenzio Si Kanda la Usufi

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: uzito wake aujuaye ni aubebaye. Mwanamke aliyeajiriwa hubeba mizigo miwili, wa kazini na wa nyumbani, na uzito wake hubadilika kadiri umri unavyosonga. Jamii yetu huutambua uzito huo anapokuwa na mtoto mchanga, kisha huusahau anapofikia miaka ya arubaini na hamsini, wakati ambapo kwa wengi huwa umezidi.

Tutazame kwanza ujana. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na baba wiki 2. Sheria ya Afya ya 2017 nayo humtaka mwajiri kutenga mahali pa kunyonyeshea kazini. Nyumbani, mzazi hupokewa na mama, shangazi na majirani, akakandwa na kupikiwa uji hadi arubaini yake itimie. Haki na huduma hizi huenda zisitoshe, lakini walau kila mtu hukiri kuwa mama huyu anahitaji kusaidiwa.

Sasa mfikirie muuguzi wa miaka 48, mkaazi wa Kisauni, avukaye Daraja la Nyali kila siku kwenda kazini. Mwanawe mkubwa anadaiwa karo ya chuo, kitinda mimba yungali shule ya msingi, na mamake mzazi ana kisukari. Mwili wake mwenyewe unaelekea kukoma hedhi, jambo ambalo kwa kawaida hutokea kati ya miaka 45 na 55, na joto la ghafla humkatiza usingizi. Sheria ya Ajira haikumtengea likizo maalumu ya kumuuguza mzazi. Basi zile siku 21 za likizo ya mwaka, zilizokusudiwa kumpumzisha, huishia kwenye mabenchi ya kliniki akiwa na kadi ya mamake mkononi. Hurudi kazini amechoka kuliko alivyotoka, wala hakuna amwambiaye pole, kwa kuwa machoni pa watu yeye ni mtu mzima aliyekwisha kuzoea.

Mwaka 2008, wachumi David Blanchflower na Andrew Oswald walichapisha uchambuzi wa takwimu za nchi nyingi, wakaona kuwa kuridhika kwa watu na maisha huelekea kushuka hadi umri wa makamo, kisha hupanda tena. Si wataalamu wote wanaokubaliana nao, lakini wengi wetu tutaitambua picha hiyo.

Kabla yao, mwaka 1985, Jeffrey Greenhaus na Nicholas Beutell walieleza namna tatu za mgongano baina ya kazi na familia. Kwanza ni muda: saa ya zamu haiwezi kuwa saa ya kliniki. Pili ni msongo: uchovu wa wodini humfuata mtu hadi jikoni. Tatu ni mwenendo: ukali unaohitajika kazini huumiza nyumbani. Hata hivyo, mwaka 2006 Greenhaus na Gary Powell walionyesha upande wa pili, kwamba kazi na familia huweza kunufaishana. Anayeondoka nyumbani moyo umetulia hufanya kazi kwa utulivu, na subira aliyojifunza kwa wanawe humfaa mbele ya wagonjwa.

Dawa basi si lazima iwe kuacha kazi. Dawa ni kuugawa mzigo kabla haujamwangusha aubebaye. Ndugu wakae kitako na mama yao, wapangiane zamu: nani atampeleka kliniki mwezi huu, nani mwezi ujao, nani atalala naye. Kutuma pesa kwa simu ni wema, lakini pesa haziketi kwenye foleni. Waume nao wakumbuke kuwa imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake. Mwajiri naye, akiitangaza ratiba ya zamu mapema, huwa amempa mfanyakazi nafasi ya kupanga bila gharama kubwa.

Mtumishi wa umma nchini kwa kawaida hustaafu akiwa na miaka 60. Mwanamume hupata baraza la kupumzikia. Mwanamke huachiwa wajukuu asubuhi hiyo hiyo, bila ya kuulizwa. Kulea wajukuu kuna furaha yake, lakini naye aulizwe kwanza: ataweza siku ngapi, na siku zake mwenyewe ni zipi?

Na kabla ya kufika huko, wiki hii atazamwe yule dada wa makamo ambaye kila simu ya ugonjwa hupigiwa yeye. Simu ijayo na ipokewe na mwengine.